Kitanda Kilichobaki

"Hicho cha juu," alisema Mwalimu Leah, matroni wa bweni la wasichana. Alikuwa ameshalishika godoro kwa upande mmoja, akingoja Sekela ashike upande wa pili. "Vya chini vyote vina wenyewe. Umekuja muhula umeshakolea, mwanangu, shukuru hata hicho."

Sekela hakulishika godoro. Alikuwa akikitazama kitanda kile, kisha sakafu ya saruji chini yake, kisha kitanda tena. Kilikuwa juu ya dabodeka ya mwisho, pembeni kabisa, na bati lililokuwa juu yake lilikuwa na alama nyeusi za maji yaliyovuja msimu hadi msimu. Hakikuwa na kizuizi chochote pembeni. Mtu akijigeuza vibaya anajikuta chini. Na yeye, hali ile ikimjia, hakuwa mtu wa kujigeuza tu.

"Mwalimu, naomba nifikirie kwanza."

"Ufikirie nini?"

"Labda nitapanga mtaani."

Mwalimu Leah alilishusha godoro. Alikuwa mama wa makamo kutoka Bukoba aliyehamishiwa Tukuyu miaka kadhaa nyuma, na mpaka siku hiyo alikuwa hajaizoea baridi. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Alimtazama msichana huyu mgeni kwa mshangao. Mwaka ule wa tisini na tatu wanachuo walikuwa wameanza kutakiwa kuchangia gharama zao, na chuo kilikuwa kimeruhusu anayetaka apange nje, ajipikie na ajitegemee. Lakini waliopanga nje walikuwa wavulana waliotaka uhuru wao, au watu wazima wenye familia. Msichana kuja kutoka chuo cha mbali, akakuta kitanda, halafu akakikataa, hilo lilikuwa geni.

"Nipe jibu Ijumaa," alisema. "Vyumba vingine wanalala wawili wawili. Siwezi kukiweka kitanda wazi kwa ajili ya mawazo yako."

Sekela alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa darasa la sita, shambani, katikati ya majani ya chai, na tangu hapo maisha yake yote yalikuwa ni kukificha. Kwao Lufingo majirani walijua na walinyamaza, angalau mbele ya baba yake. Alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu kule kaskazini alifurahi kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Mwaka wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulipoanza, asubuhi moja akiwa kwenye foleni ya uji, alianguka mbele ya chuo kizima. Alipopata fahamu, foleni ilikuwa imehamia upande wa pili wa bwalo. Tangu siku hiyo kikombe chake kikawa hakiguswi na mtu. Wasichana walisema ukikanyaga mate yake unaupata. Mkuu wa chuo kile alimwita, akamwambia kwa upole mkubwa kwamba karibu na nyumbani ingekuwa vizuri zaidi kwake, na uhamisho ukatoka upesi kuliko uhamisho wa mtu yeyote.

Nyumbani kwenyewe hakukuwa karibu kiasi hicho. Gari la Lufingo lilipita likijisikia, na kwa miguu angefika darasani vipindi vimekwishaanza, tena njiani kuna vijito na makorongo, na hakuna mtu. Kwa hiyo ilikuwa ni bweni au chumba cha kupanga. Katika bweni angeonekana, na katika chumba angekuwa peke yake.

Jumatano jioni alikwenda kuwauliza wazazi wake. Walikuwa jikoni, moshi umetanda, mama yake akimenya ndizi. Baba yake, mzee Anyelwisye, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, na alijibu kabla binti hajamaliza kueleza.

"Chukua chumba. Kule uliwapa watu nafasi ya kukuona. Safari hii wasikuone."

"Akianguka peke yake nani atamgeuza?" mama yake aliuliza kwa Kinyakyusa, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi.

"Ana vidonge."

"Vidonge hivyo ndivyo alivyokuwa akimeza kule kaskazini."

"Basi asipike ndani."

"Na mvua hii? Apikie wapi, juu ya paa?" Mama aliweka kisu chini. "Mimi nasema bweni. Wakimcheka, wamcheke. Watakuwa wanamcheka mtu aliye hai, si maiti."

"Wewe hukwenda kule kumchukua," alisema baba. "Mimi ndiye niliyekwenda. Niliwakuta wamemwekea sanduku lake nje, chini ya mti. Mtoto amekaa juu ya sanduku, na wenzake wanapita kwa mbali wakiziba pua." Akaugeukia moto, akasema taratibu: "Amua mwenyewe, Sekela. Mimi nimechoka kuwaeleza watu."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma kuliko kicheko chochote. Alikata shauri usiku uleule: angepanga, na baba yake asingelazimika kumweleza mtu tena.

Chumba alikipata Ibighi, kwa mjane aliyeitwa Esnath, ambaye watu wote walimwita Mama Jotham. Tangu malori ya wafanyabiashara kutoka Dar yalipoanza kupanda kufuata ndizi, mama huyu alikuwa ameuza, akaweka akiba, akajenga safu ya vyumba nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mchangamfu, mwingi wa maneno, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kinyakyusa bila mpaka.

"Gwe mwana, mbona kitanda umekitoa nje?" aliuliza siku ya kwanza.

"Nimezoea kulala chini, mama."

"Kwenye baridi hii? Haya. Na komeo la mlango nani kaling'oa?"

"Lilikuwa linakwama."

"Msichana halali mlango haufungi!"

"Nitauegeshea kiti."

Hakuuegeshea kiti. Kila usiku aliuacha mlango umerudishwa tu, akalala akisikiliza hatua za wapangaji wengine wakienda chooni, akimwomba Mungu asiingie mtu mbaya, na papo hapo akimwomba kwamba, ikitokea, aingie mtu yeyote. Meza aliisukuma mbali na godoro. Maji alikwenda kuchota watu wakiwa wengi bombani. Chuoni aliketi karibu na mlango, kipindi kikiisha alikuwa wa kwanza kuondoka, na wenzake wakaanza kumwona mwenye maringo. Mwalimu Leah alimpita mara mbili tatu bila kumwambia kitu. Wiki zikapita hivyo, naye akaanza kujidanganya kwamba huenda amepona.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani amelowa chapachapa. Siku zote alipikia barazani, lakini siku hiyo upepo ulikuwa ukiisukuma mvua hadi ukutani na mkaa haukukubali kushika. Aliingiza jiko ndani, akauacha mlango wazi nusu, akabandika ndizi na maharage. Alikuwa ameinama kuonja chumvi pale alipoisikia ile ladha mdomoni, kama mtu aliyelamba chuma. Aliijua. Aliweza kuwaza neno moja tu, jiko, akanyoosha mkono kulisukuma.

Alichokiona baadaye ni uso wa Mama Jotham ukiwa juu yake, midomo ikienda na sauti haisikiki. Kisha sauti ikaja, na pamoja nayo maumivu ambayo hakuwahi kuyajua. Mkono wake wa kushoto, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ulikuwa umelalia makaa.

Mama Jotham hakumtupa. Alimmwagia maji, akamvua sketi iliyolowa mkojo, akamwosha kama mtoto, akamvika khanga yake mwenyewe, na wakaenda hospitali kwa miguu wakijibana chini ya mwavuli mmoja, Sekela akitetemeka na mama akimwambia, "Kaza, mwanangu, kaza, tunafika." Alikaa naye mpaka alipofungwa bendeji. Nesi aliyemfunga aliwaambia wote wawili kwamba siku nyingine mgonjwa ageuzwe ubavu, asishikiliwe kwa nguvu, asitiwe kijiko wala chochote mdomoni. Mama Jotham aliitikia kwa kichwa.

Waliporudi alimpikia uji, akamtazama akiunywa hadi mwisho. Ndipo akasema:

"Sasa, mwanangu, utafute pengine."

Sekela alidhani hakusikia sawasawa.

"Nimekuosha kama ningemwosha binti yangu. Lakini kukaa hapa, hapana. Wapangaji wenzako wameshaniambia wanahama. Yule wa chumba cha kwanza ana mtoto mchanga." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta. "Na siku ile nisipokuwepo? Nikirudi sokoni nikukute umeshaungua wote? Nitamwambia nini mama yako? Kyala, Mungu wangu, anisamehe. Siwezi."

"Mama Jotham, nitapikia nje. Hata mvua inyeshe. Nitakula vitu vikavu."

"Siwezi, gwe mwana."

Kesho yake sanduku lake likawa nje, barazani. Hakuna aliyelitupa; alilitoa mwenyewe, akilivuta kwa mkono wa kulia. Alikaa juu yake asubuhi nzima. Kwenda Lufingo maana yake ilikuwa kwisha kwa masomo. Alijua akishaingia kwenye kile chumba cha nyuma nyumbani kwao hatatoka, atachuma chai mpaka azeeke, na watu watasema ndiye yule. Chuo kingine kisingempokea. Chumba kingine angekipata, labda, kwa mtu asiyemjua, na huko angerudia hayohayo mpaka siku atakapoangukia moto kwa uso. Alifika mahali akawaza kwamba pengine hiyo ndiyo njia fupi. Wazo hilo lilimjia kwa utulivu kiasi kwamba alilikimbia. Aliinuka, akaliacha sanduku pale pale, akaenda chuoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mkono una nini?"

Mwalimu Leah alikuwa amenyoosha mkono kuigusa bendeji. Sekela akamwambia yote, haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Alipofika kwenye neno lenyewe aliuona mkono wa mwalimu ukirudi polepole mfukoni mwa sweta.

Mwalimu aligeuka kulitazama bweni.

"Kile kitanda kipo," mwalimu alisema hatimaye. "Niliyempa alikikimbia, bati linavuja. Lakini wewe huwezi kulala juu."

"Siwezi, mwalimu."

"Maana yake mmoja wao akupishe chini. Na siwezi kuwalaza na wewe bila kuwaambia. Mkuu akija kusikia pembeni, nitakayeulizwa ni mimi." Aliusugua uso wake kwa viganja. "Uwaambie mwenyewe. Leo jioni, kabla ya chakula. Wakikubali, kaa. Wasipokubali, mwanangu, mimi sina chumba kingine."

Jioni ile Sekela alisimama katikati ya chumba, dabodeka nne zikiwa zimemzunguka, na wasichana saba wakimtazama, wengine juu, wengine chini. Mwalimu Leah alibaki mlangoni, hakuingia.

"Mimi nina kifafa," Sekela alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya watu. "Ndiyo sababu nilihamishwa. Naomba mmoja anipishe kitanda cha chini."

Tumpe, kiongozi wa chumba, msichana mrefu aliyekuwa akisuka nywele za mwenzake, aliacha kusuka.

"Kinaambukiza?"

"Hakiambukizi."

"Na wewe ungesema nini kingine?"

"Muulizeni nesi."

"Sisi tumekuja kusomea ualimu, si uuguzi," alisema Tumpe. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Alishuka kitandani, akakunja blanketi, akalikunja na godoro. "Mwalimu, mimi nahamia chumba cha pili. Nitalala na Tulia, kama atanipokea."

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Walipita mmoja mmoja na magodoro vichwani, wakijibana ukutani ili wasimguse, na yule aliyekuwa amesukwa nusu akatoka na nusu ya kichwa ikiwa imetimka. Mwalimu Leah alisogea kuwapisha.

Aliyebaki alikuwa msichana mmoja mfupi kutoka Mwakaleli, jina lake Elina. Alikuwa amekaa kitandani kwake, chini, magoti ameyakumbatia.

"Wewe hutoki?" Sekela alimuuliza.

"Vyumba vile sijuani na mtu," Elina alijibu. "Naogopa kama wao. Usidhani siogopi. Ukianguka, nifanyeje?"

Sekela alifungua mdomo, na hapo akagundua kwamba hajui. Miaka yote hiyo yeye ndiye pekee ambaye hakuwahi kuwepo. Baba yake alikuwa akimshika kwa nguvu zote, ilijulikana kwa michubuko. Mtu fulani aliwahi kumtia kijiko, ilijulikana kwa jino lililovunjika. Kwamba kuna jambo la kufanya, na mtu akataka kulijua kabla halijatokea, hilo halikuwahi kumpitia akilini. Akayakumbuka maneno ya nesi, akayasema kama yalivyokuwa: ubavu, usinishike, usinitie kitu mdomoni.

"Ni hayo tu?"

"Nadhani ni hayo tu."

Elina alihamisha shuka zake juu, chini ya lile bati bovu, akaweka beseni miguuni pa kitanda. Usiku ule wote wawili hawakulala.

Hali ile ilimjia asubuhi moja, Sekela akifunga kamba za viatu. Alipopata fahamu alikuwa sakafuni amelala ubavu, sweta imekunjwa chini ya kichwa chake, na ulimi ukimwuma. Elina alikuwa amechuchumaa kando ya mlango, analia bila sauti, mabega yakimcheza.

"Nilikimbia," Elina alisema. "Nilifika hadi bombani. Halafu nikarudi."

Sekela hakuwa na nguvu ya kuinuka. Akauliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu, hata mama yake.

"Nilikuwaje?"

Elina alijifuta pua kwa mkono. "Ulipiga kelele, kelele moja. Macho yakaenda juu. Mkono wako ulikuwa unagonga chuma cha kitanda, ndipo nikakivuta kitanda. Ulikoroma. Kisha ukatulia kabisa nikajua umekufa." Akaanza kulia kwa sauti. "Usiniambie nisiogope. Sitaki kuambiwa hivyo."

"Sikuambii."

"Sketi yako imelowa."

"Najua. Nitafua mwenyewe."

Habari zilimfikia mkuu wa chuo siku hiyohiyo. Mzee Anyelwisye aliitwa, akaja na koti lake la kanisani, akakaa ofisini kwa mkuu na kofia magotini, akaeleza tena yale aliyosema amechoka kuyaeleza. Mkuu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema wazazi wa wasichana wengine wamelalamika, na kwamba shauri litatazamwa muhula ukifungwa. Mzee alipotoka alimkuta binti yake amesimama uani. Aliushika ule mkono wenye bendeji, akaugeuza huku na huku, akauliza kama unauma. Sekela alisema hauumi. Ulikuwa unauma. Baba akaenda zake kusubiri gari, naye akamtazama mpaka ukungu ulipomficha.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazito. Bwalo lilijaa, lakini pande zote mbili za kiti chake zilikuwa wazi, isipokuwa siku ambazo Elina aliwahi. Vidonge viliisha hospitali ya serikali, akawa anavifuata kwenye duka la dawa la mtu binafsi kule mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, na kila mara alikuta foleni, na kila mara aliogopa foleni. Jioni nyingine alifungua sanduku akaanza kupanga nguo zake. Elina hakumzuia. Alimtazama tu kutoka kitandani, akauliza kama anaondoka kesho au keshokutwa, ili ajue. Sekela akakaa chini katikati ya nguo, na nguo zikabaki zimetapakaa hivyo hadi asubuhi.

Katika bweni lile lote, wasichana wakiwa wamebanana hadi kwenye korido, chumba cha Sekela kilikuwa na watu wawili na vitanda vinane.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule aliyesukwa nusu. Aliingia mchana na godoro lake, akasema kule alikokuwa analala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na msichana anayepiga mateke, mgongo umemkwisha. Alichagua kitanda cha mbali kabisa, akageukia ukutani. Juma hilohilo wakaja wengine wawili. Walileta na utani wao, na sabuni zao, na vikombe vyao walivyovifungia masandukuni. Hakuna aliyeomba radhi, wala Sekela hakuingoja radhi. Alikuwa akingoja tu waone jinsi anavyoanguka, kisha waondoke tena. Alianguka. Mmoja aliondoka. Wawili walibaki, pengine kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na vyumba vingine havikuwa na hata nafasi ya kusimama.

Tumpe alirudi mwisho kabisa, akiwa ameununia mlango kana kwamba ndio uliomrudisha. Aliweka godoro kwenye kitanda kilicho jirani na cha Sekela, kwa sababu vingine vya chini vilikuwa na watu na vya juu vilishaanza kuvuja vyote, akatandika shuka, akazikunja pembe zake kwa makini kama ilivyokuwa kawaida yake. Sekela alikuwa amekaa pale pale, umbali wa mkono, akijibadilishia bendeji. Tumpe hakumtazama. Alimgeukia Elina juu kitandani.

"Huwa mnamgeuzia upande gani?"

Elina alimwonyesha Sekela kwa kidevu. Tumpe akalazimika kugeuza shingo.

"Upande wowote," alisema Sekela. "Ila usinishike kwa nguvu."